Biubwa na Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Asubuhi ya mwisho ilikuwa kama zote. Mke wangu Biubwa yuko jikoni, mie nimekaa sebuleni natafuta stesheni kwenye redio. Akaniletea chai. Nikanyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika redio.

Chai haikuja.

"Mkono huo, Baba Ramla," akasema.

Nikaiacha redio, nikapokea kwa kulia. Tukanywa. Akasema chai haina sukari, na ni yeye aliyeitia. Nikasema mie naiona sawa. Akasema ulimi wangu ulikufa zamani, tangu Riyadh. Halafu akanituma kotmiri, majani ya mchuzi. Nikaleta iliyonyauka, akanirudisha dukani.

Siku ya pili yake, kabla ya alfajiri, hatukuwa naye tena.

Wanaokuja kunipa pole husema marehemu alikuwa mpole. Mie huitikia, kwa sababu wamekuja kwa miguu na Jeddah hii ina jua. Lakini mpole hakuwa. Wajukuu zake wamemjua akiwa mtu mzima, amekaa, tasbihi mkononi. Nataka wamjue na yule wa Riyadh. Mie sikusoma ila chuo cha Kurani, maneno sina mengi. Nitaeleza jambo moja, la Mmarekani na mkono wake wa kushoto. Anayelijua hilo kamjua Biubwa.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Tulizunguka kidogo, tukatulia Riyadh, mtaa wa Shumaisi, miaka mingi kabla ya kuhamia huku Jeddah. Mafuta yalipopanda bei mji wote ukawa winchi na vumbi. Kampuni zikapata pesa hata zikakosa pa kuziweka. Ya kwetu ilikuwa ya Wamarekani, ikijenga barabara. Mie nikiendesha pikapu ya stoo yao huko Sulay, Biubwa akipika katika kambi yao. Na kampuni ile, kwa kuwa pesa zimezidi, ikanunua mchezaji.

Jina lake Glen. Kwao Marekani alikuwa akilipwa kwa kucheza mpira, kazi yake hiyo tu. Kisha goti likamharibikia, timu yake ikamwacha, na nyingine haikumtaka. Bosi wetu, Mista Raseli, akamleta Riyadh. Kwenye ikama yake, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi, iliandikwa msimamizi wa stoo. Stoo hakuijua. Siku moja aliniandikia mabomba, nikapakia mabomba, kumbe alitaka misumari. Lakini hakuletwa kwa misumari. Aliletwa ili timu ya kambi yetu iifunge timu ya kampuni moja ya Jeddah, ambayo bosi wake na Mista Raseli hawakuwa wakisalimiana.

Mchezo wenyewe si mpira tunaoujua sie. Mpira wao una umbo la papai, na mguu hauugusi ila kwa nadra. Mtu mmoja huinama, huupitisha nyuma baina ya miguu yake, na mrushaji aliye nyuma huupokea. Mrushaji humtafuta mwenzake aliyekimbilia mbali, akamrushia. Wapinzani wanataka kumwangusha kabla hajarusha. Kwa hivyo mbele yake hupangwa wanaume wakubwa, wazuie. Wote wamevaa mito mabegani. Ndio huo.

Biubwa aliuona mara ya kwanza akiwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Akatazama mpira unavyotolewa baina ya miguu.

"Yule ana mikono?" akaniuliza.

"Anayo."

"Basi mbona anampa mwenzake kitu kwa njia ile?"

"Ndiyo sheria yao."

"Hana mama huyo," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Lakini siku ya pili akatoka tena kutazama, na ya tatu akatoka na kiti.

Aliyekuwa akitufasiria ni Onyango, Mkenya, karani wa kampuni. Kijana mwenye tai hata Ijumaa. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba Glen yuko mashakani. Timu ilikuwa imecheza mechi kadhaa pale Riyadh na kambi nyingine, na karibu kila mara Glen aliangushwa na papai lake mkononi.

"Mama Ramla, boss amesema wazi," Onyango akasema, amekaa kwenye gunia la mchele. "Wakipoteza Jeddah, ikama ya Glen haiendi kurudiwa. Anarudishwa kwao."

"Kwani yeye ndiye mbaya?" akauliza Biubwa.

"Hiyo ndiyo kila mtu anauliza. Wengine wanasema ameisha. Wengine wanasema wenzake ndio wanamwangusha."

"Kwao ana nani?"

"Mama yake. Na deni la nyumba ya mama yake."

Biubwa akaendelea kumenya vitunguu. Mie nilimjua. Akinyamaza hivyo, anaamua kesi.

Tulipokuwa tunarudi Shumaisi ndani ya pikapu, akatoa hukumu. "Mie nimepikia harusi, Baba Ramla. Pilau likiungua, anatukanwa mpishi. Hakuna anayemuuliza mchocheaji moto, wala aliyeleta kuni mbichi. Nimewatazama wote. Wapokeaji wake wana mikono kama waliotoka kuosha masufuria. Wazuiaji wake wanazuia pale wanapopenda. Yule Henki, mkubwa kuliko wote, anasimama upande ambao haji mtu. Anamzuilia nani, upepo?"

"Kwa hivyo Glen hana kosa."

"Analo. Anatumia mkono wa kushoto."

"Mama Ramla, ndivyo alivyozaliwa."

"Na mie nilizaliwa sina meno. Nikayaota."

Sasa lazima nieleze la Henki. Henki alikuwa fundi wa matingatinga, mtu wa kujaza mlango. Katika timu kazi yake ilikuwa kuzuia, na alisimama upande wa kushoto tangu timu ilipoanza. Glen alikwisha kulalamika. Onyango alitufasiria hata malalamiko yenyewe, kwa kutumia kikombe na vijiko juu ya meza. Mtu anayerusha kwa kulia hugeuka, mgongo wake ukawa kushoto. Kwa hivyo mzuiaji mkubwa huwekwa kushoto, alinde mgongo. Lakini Glen ni wa kushoto. Mgongo wake uko kulia. Wapinzani wote walikwisha kujua, wanampitia kulia, wanampiga asione. Glen alimwomba Mista Raseli amhamishe Henki. Mista Raseli akasema mpango huo ndio uliowapa ushindi mwaka uliopita. Mwaka uliopita mrushaji alikuwa wa kulia, lakini hilo Mista Raseli hakuliona kubwa. Akaombwa Henki mwenyewe, naye akasema kulia kunamtia kizunguzungu.

"Umefahamu, Mama Ramla?" Onyango akauliza, ameshika kijiko.

"Nimefahamu. Angetumia mkono wa kulia, yote haya yasingekuwapo."

Onyango akaweka kijiko chini.

Kesi ya mkono ilianzia kwenye sahani. Biubwa alikuwa akigawa chakula kwa mkono wake mwenyewe, na kugawa kwake ni kwa utaratibu wa kwetu. Anaanza upande wa kulia wa benchi, anakwenda kushoto. Aliyekaa mwisho wa kulia anapata nyama ingali imejaa. Wa kushoto anapata mchuzi na salamu. Wamarekani walichukua muda kulitambua hilo. Henki hakuchukua muda. Tangu wiki ya kwanza alikaa kulia kabisa, na akikuta mtu pale anamhamisha kwa bega.

Siku ya kwanza Glen alipofika kula, alinyoosha mkono wa kushoto kupokea sahani. Biubwa hakuiachia. Glen akavuta kidogo. Biubwa akashikilia. Wakabaki hivyo, sahani iko baina yao, biriani inapoa, watu wa mwisho wa benchi wanauliza kuna nini. Glen akatabasamu. Biubwa hakutabasamu.

Nikaitwa mie. "Mwambie," akasema Biubwa.

"Sina Kiingereza cha kumwambia."

"Mwoneshe basi."

Nikachukua mkono wa kulia wa mtu mzima, mchezaji aliyekuwa akilipwa, nikauweka kwenye sahani. Sahani ikaachiliwa.

Tangu hapo ikawa kila siku. Glen akisahau, sahani haitoki. Wenzake wakawa wanamchekea pale kwenye benchi. Yeye hakukasirika. Alikuwa mtu wa adabu, ila mkono tu. Siku moja akaleta mkono wa kulia bila kuambiwa, na Biubwa akamwongezea nyama, akamwambia kwa Kiswahili, "Polepole, baba. Utajifunza na kurusha."

Ikafika safari ya Jeddah. Wachezaji walipanda ndege. Sie tulikwenda kwa pikapu na mito yao, masufuria na unga. Njia nzima Biubwa alikuwa akipanga timu. Huyu mvivu. Huyu ana moyo lakini hana miguu. Huyu anakimbia vizuri, anafika, anasahau kwa nini alikwenda. Mie nikisema mm. Alipofika kwa Henki akasema, "Yule si mbaya. Yule ana njaa tu."

Mechi ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, ndani ya kuta za kambi ya wale wa Jeddah. Biubwa alikaanga sambusa kikapu kizima, akazifunika, akatafuta pa kukaa. Jua la Jeddah halina huruma, na kivuli kilikuwa upande mmoja tu wa uwanja, chini ya ukuta. Akakaa pale, buibui lake na kikapu chake, mie pembeni.

Timu zikajipanga. Kivuli, kwa bahati, kilikuwa upande wa kulia wa timu yetu. Henki akaenda kushoto kwake kama kawaida. Akasimama. Akavuta pumzi. Akageuza kichwa.

Sambusa za Biubwa, mtu akiletewa harufu yake na upepo, si jambo la kufanyia mzaha.

Mara tukamwona anavuka. Akamsukuma mwenziwe aliyekuwa kulia, akamwonesha kidole aende kushoto, akasimama yeye. Mista Raseli akapiga kelele kutoka pembeni. Henki akawa kiziwi. Mchezo wa kwanza ukachezwa, akamzuia mtu wa Jeddah, akamlalia, akaamka, akaja kwetu mbio na mkono wazi. Biubwa akampa moja. Akarudi.

Basi Glen akasimama wima. Mgongoni kwake kulikuwa na Henki, na kumpita Henki ilikuwa kama kuupita ukuta. Kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini watu walimlipa kijana yule. Papai lilikuwa likiruka, linazunguka, linashuka pale pale kifuani pa mtu. Wapokeaji wawili wakaangusha. Mwingine akadaka, tukapata pointi. Wa Jeddah nao wakapata. Tukaenda hivyo.

"Anarusha," nikamwambia Biubwa.

"Anarusha," akasema. "Laiti ingekuwa kwa mkono."

Lakini katika mchezo ule timu hubadilishana pande. Zikabadilishana. Sasa kivuli, kikapu na sie tukawa upande wa kushoto wa timu yetu. Henki alikifuata kikapu bila kufikiri. Glen hakumwona akienda. Alipokea mpira, akageuka kurusha, na kutoka kulia akaja mtu wa Jeddah kama lori lisilo breki.

Glen alilala chini muda. Akaamka, akashika goti. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliamka akiwa na majani mdomoni, akasimama, akamtazama Henki, kisha akafuata macho ya Henki mpaka kwenye kikapu. Akatutazama sie. Akatazama upande wa pili, kwenye jua. Nikaona uso wake umebadilika.

Akamwita Onyango. Onyango akaja kwetu mbio, tai begani.

"Mama Ramla, Glen anaomba uhamie upande ule."

"Kule kuna jua."

"Anaomba sana."

"Ananifukuza?"

"Hapana, Mama. Anasema ukikaa kulia kwake, anarusha vizuri."

Biubwa akafunika kikapu. "Kulia?"

"Kulia."

"Kalisema mwenyewe neno hilo?"

"Mwenyewe."

Biubwa akasimama, akakung'uta buibui. "Kumbe anafundishika," akasema. "Baba Ramla, beba."

Mie nikataka kuzunguka nje ya uwanja. Yeye hakuzunguka. Alikata katikati. Refa akapiga filimbi. Hakusimama. Akapiga tena. Biubwa akampita hivyo hivyo, buibui linapepea, na wanaume wazito wenye mito mabegani wakamfungulia njia. Mie nyuma na kikapu, nikiomba radhi kulia na kushoto kwa lugha nisiyoijua. Alipomfikia Glen akasimama, akatoa sambusa, akamnyooshea. Uwanja mzima unatazama. Glen akatazama mikono yake yote miwili, akachagua.

Akapokea kwa kulia.

"Haya," Biubwa akasema, akaendelea na njia.

Tulipokaa juani Henki alikwisha kuhama.

Sasa muda ulikuwa umebaki kidogo na tulikuwa nyuma. Mpira mmoja wa mbali ungetosha. Glen akarusha, ukaruka vizuri, ukashuka mikononi mwa yule mpokeaji mwembamba, ukateleza kama sabuni. Mista Raseli akatupa kofia chini. Yule mwembamba akaitazama mikono yake. Biubwa naye akaitazama.

"Mafuta," akaniambia kwa sauti ndogo.

"Mafuta gani?"

"Yangu, ya sambusa. Kala nne yule."

Mwembamba alipopita karibu akamwita kwa kidole, akamshika viganja kwa ncha ya kanga, akamfuta kama anavyofutwa mtoto, kidole kwa kidole. Akamsukuma arudi. Watu wa Jeddah walilalamika kwa refa. Refa alikwisha kuchoka na Biubwa, akatazama kando.

Mara ya mwisho Glen alikaa na mpira muda mrefu. Kulia kwake Henki alikuwa amewakumbatia watu wawili, anawarudisha nyuma, jicho moja kwenye kikapu. Glen akarusha. Mwembamba akaruka. Papai likaganda.

Tukashinda.

Kila mtu aliondoka Jeddah na maelezo yake. Mista Raseli alisema ni yeye aliyemhamisha Henki kulia, na tangu siku hiyo akamwacha kuko huko, na ikama ya Glen ikarudiwa. Henki alisema kulia hakumpi tena kizunguzungu. Glen alimnunulia Henki sambusa kila wiki na hakueleza kitu. Na Biubwa alirudi Shumaisi akiwaambia majirani kwamba Mmarekani ametubu.

"Lakini amerusha kwa kushoto mpaka mwisho," nikamwambia.

"Amekula kwa kulia," akasema. "Kwanza tumbo, mkono utafuata."

Mkono haukufuata. Glen alicheza misimu mingine miwili, kisha akalipa nyumba ya mama yake, akaamua kurudi. Siku ya kuaga alikuja jikoni na Onyango. Alileta mpira mmoja kuwa zawadi, ameshika kwa kulia, kwa kujitahidi. Papai lile mpaka leo linazuia mlango wetu wa jikoni usijifunge. Akasema kitu, Onyango akafasiri.

"Anauliza, Mama Ramla, kwa ukweli wako. Yeye alikuwa mchezaji mzuri, ama alibebwa na wenzake?"

Biubwa alifuta mikono. Hakuwa mtu wa kumsifu mtu usoni.

"Mwambie alibebwa," akasema. "Na mwambie asione haya. Mie nimepika miaka yote hii, sijapata kulibeba sufuria la harusi peke yangu. Lakini aliyejua pa kuniweka kikapu ni yeye. Hilo hakubebwa."

Onyango akafasiri kwa muda mrefu kuliko alivyosema. Glen akainamisha kichwa, akaenda zake.

Tulirudi Shumaisi kwa miguu siku hiyo, pikapu ilikuwa gereji. Biubwa njia nzima hakumsema mtu. Nikajua anamsikitikia kijana. Nikataka kumchekesha. Nikamuuliza, na mie je. Katika hii timu yetu ya watu wawili, mie nimecheza vipi.

Nilikuwa upande wake wa kushoto, upande wa magari. Akanivuta kanzu, akanipitisha mbele yake, akaniweka upande wa pili. Akasema:

"Wewe si mrushaji, Baba Ramla. Wewe Henki. Kaa kulia kwangu, ule, na asinipige mtu mgongoni."